Mbegu 41 kwenye suruali ya mwalimu wa baiolojia

Nianze na aibu tumalizane nayo mapema. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, huu mwaka wa 14 niko darasani, na kila nikifika mada ya usambazaji wa mbegu huwa natoka nje nachuma kishona nguo, nawapitishia wanafunzi dawati kwa dawati, nawaambia haya angalieni hizo ncha zake, zimekaa kama ndoana, hii mbegu haina miguu haina mabawa lakini leo itafika kwenu kabla yako wewe. Wanacheka, tunaendelea. Sasa mwezi wa nane uliopita nikiwa kwenye meli moja ndogo huko Shelisheli, mbele ya wageni wenzangu 18 wamekaa na vinywaji vyao, mama mmoja alichuchumaa miguuni pangu na kibanio cha kung'olea nyusi akanitoa mbegu za kishona nguo kwenye pindo la suruali. Zilikuwa 41. Najua kwa sababu alizihesabu kwa sauti.

Kabla hamjauliza mshahara wa ualimu unafikaje Shelisheli: haufiki. Mdogo wangu ni fundi mitambo kwenye hiyo meli, na msimu wa kusi wageni wanapungua kwa sababu ya upepo, kwa hiyo kabini ikibaki tupu mabaharia wanaruhusiwa kuleta ndugu kwa bei ya kuonewa huruma. Akanipigia simu akasema dada, funga mzigo, usilete viatu vya kisigino. Nikafunga. Suruali yangu ngumu kuliko zote ni ile ya shambani, ndo nikaiweka, nikajua mambo ya kutembea porini tumeyamaliza.

Meli yenyewe ni ya milingoti miwili, matanga wanayatweka upepo ukiwa mzuri, la sivyo ni injini ya mdogo wangu inanguruma huko chini. Sitawachosha na habari za kabini, ni chumba cha kulala, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta zote mbili.

Ile jioni ya kuhesabiwa mbegu ilikuwa ya ukaguzi. Kesho yake tunashuka visiwa vya hifadhi, kwa hiyo kila mtu alete viatu, soksi, mkoba, kofia, suruali atakayovaa, yaani chochote kitakachokanyaga ardhi. Pale deki ya nyuma wameweka beseni la dawa la kusafishia soli, brashi ngumu, mashine ya kufyonza vumbi, na taa kali ya kichwa kama ya daktari wa meno. Mwongozaji wetu, Mshelisheli wa miaka kama 50 hivi, anaongea taratibu lakini mkono wake hauna utani, alikuwa anageuza mifuko ya watu nje ndani. Mzungu mmoja alitolewa makombo ya biskuti sijui ya mwaka gani. Mimi nimekaa pale nimejiamini kabisa, nimefua suruali, nimeipiga na pasi, nilikuwa hata nacheka ya wenzangu kimoyomoyo. Akaikunja pindo, akawasha taa, akanyamaza. Akaniuliza unafanya kazi gani. Nikasema mwalimu. Wa nini? Na mimi nikajibu! Ningesema hesabu tu yaishe.

Ile ya kuipiga pasi ndo ilizidi kuzishindilia kwenye mshono, nimekuja kugundua baadaye.

Usiku nikamfuata mdogo wangu chini nikamwambia huyu mama ananidhalilisha, mbegu ni mbegu, si zinaletwa na upepo na ndege kila siku? Akafuta mikono na kile kitambaa chake cha grisi akaniambia dada we ulishaona meli imefungwa bandarini? Zile sahani za bati zilizovalishwa kwenye kamba, umewahi kujiuliza za nini? Kweli nilishaziona, nilidhani ni mapambo au labda alama. Kumbe ni za kuzuia panya. Panya anatembea juu ya kamba kutoka gatini kama mtu anatembea barabarani, akifika kwenye ile sahani anakwama anarudi. Akasema hivi visiwa tunavyokwenda kesho, ndege wanataga chini na hawana pa kukimbilia, panya jike akishuka na mimba yake miaka michache tu umebaki na kisiwa cha panya. Meli ndo zilifanya hivyo kwenye visiwa vingine vingi vya dunia, hakuna aliyekusudia. Afu akaongeza, kwa ile sauti yake ya kunikomoa, na mbegu nazo hakuna anayekusudia.

Nikalala nimenuna. Kusi ilitupepeta usiku kucha.

Asubuhi mpango ulikuwa Aride, kisiwa cha kaskazini kabisa katika kundi lile, lakini nahodha alikiangalia kwa darubini dakika mbili akatikisa kichwa. Kusi ikiwa imekaza, mawimbi ya pwani ya Aride hayashushi mtu. Tukakiona kwa mbali tu, mlima wa kijani na ndege wengi juu yake wanazunguka kama moshi, tukageuza kwenda Cousin, kisiwa kidogo cha karibu hekta 30, kilomita kama mbili tu kutoka kisiwa kikubwa cha Praslin.

Sasa hapa Cousin kuna utaratibu ambao ungeniambia juzi yake ningesema ni maringo. Boti yako haigusi pwani. Hata ile boti ya mpira ya meli, haigusi. Unakaa nje huko kwenye maji, walinzi wa kisiwa wanakuja na boti yao ambayo hailali popote isipokuwa hapo, unahamia humo na vile viatu vyako vilivyosuguliwa, ndo wanakupeleka. Na kukupeleka kwenyewe si kwa upole. Kijana aliyeshika usukani alisubiri, akawa anaangalia nyuma anayahesabu mawimbi, akasema shikeni, kisha akafungua moto wote akaielekeza boti pwani kama anataka kuivunja, dakika ya mwisho akainyanyua injini, boti ikapanda mchangani ikateleza juu mpaka ikasimama pakavu. Mimi nilipiga ukelele ambao mdogo wangu anadai aliusikia kule kwenye meli. Muongo, alikuwa kwenye injini.

Cha kwanza Cousin ni mbu. Naandika hili kwa nia njema, vaa mikono mirefu. Cha pili ni kwamba ndege hawakuogopi, na hili ukilisoma halikuingii mpaka likutokee. Sisi tumezoea ndege ni kitu kinachoondoka. Unakisogelea, kinaondoka, basi, hiyo ndo maana ya ndege. Pale nimesimama kwenye njia nafunga kamba ya kiatu, nainua uso, sentimita kama 40 kutoka pua yangu kuna tawi, na juu ya tawi tupu, hakuna kiota, hakuna jani hata moja la kuzuia, kuna yai. Moja. Limekaa kwenye kidimbwi kidogo cha gome la mti kama vile mtu kaliweka mara moja anakuja kulichukua. Na pembeni yake ndege mweupe pe, macho meusi makubwa, ananiangalia. Wenyewe kwa Kikrioli wanamwita golan blan. Hajengi kiota, ndo tabia yake, anataga hivohivo tawini, na kifaranga kikitoka kina makucha ya nguvu ya kushikilia hapohapo upepo upite. Nilishindwa hata kutoa simu nipige picha, nilikuwa naogopa kupumua nisije nikalipuliza.

Kwenye mizizi ya mti mwingine kulikuwa na payanke, yule mwenye mkia wa manyoya mawili marefu, amelala chini kabisa, juu ya udongo, unaweza kumkanyaga. Hapo maneno ya mdogo wangu yakanirudia. Nikamfikiria panya mmoja tu pale.

Kijana mlinzi alitupa historia huku anajipiga mbu. Hiki kisiwa kilikuwa shamba la minazi. Kulikuwa na kijindege kidogo, rangi yake kama majani yaliyokauka nusu, hakuna wa kumgeukia mara mbili, mwaka 1968 walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote na wote wako hapo Cousin. Watu wa shirika la kimataifa la kulinda ndege wakakinunua kisiwa kwa ajili ya kile kijindege. Wakaacha minazi ipungue, msitu wa asili ukarudi, vijindege vikaongezeka mpaka kisiwa kikawajaa, ndipo 1988 wakabeba 29 kwenda Aride, baadaye na visiwa vingine. Sasa hivi ni maelfu. Kwa hiyo kubeba nako kuna kubeba, nikawaza. Kuna mtu alikaa na boksi lenye ndege 29 magotini akivuka haya maji niliyoyavuka mimi, na bila shaka na yeye alikaguliwa viatu.

Kuna na mwingine anaitwa pi santez, mweusi ana baka jeupe kwenye bawa, huyo anakufuata. Kweli anakufuata nyuma nyuma, ukikanyaga majani makavu wadudu wakishtuka anawadaka. Ndivyo anavyofanya kwa kobe pia. Miaka ya 1960 walikuwa wamebaki kisiwa kimoja tu, Frégate, hawafiki 20, paka na panya wamewamaliza kwingine kote. Wa kwangu alinifuata kama dakika kumi, nikawa makusudi naburuza miguu nimfukulie chakula. Kwa hizi dakika kumi nilikuwa kobe na nilifurahi.

Sasa nifike kwenye mti.

Msitu wa Cousin sehemu kubwa ni mti mmoja unaitwa bwa mapou, jina la kitaalamu ni Pisonia grandis. Gome jeupe jeupe, mbao yake laini, majani mapana, na ndege weusi wadogo wenye paji jeupe, kordonnyen, wanachukua majani yake yaliyolowa wanayapachika tawini yakikauka yanakuwa kiota. Mti mmoja una viota vingi kama ghorofa za mjini, na kelele zake ndo hizohizo za ghorofa. Tunatembea chini yake kila mtu kashika kofia kwa sababu zinazojulikana, mara nikaona kordonnyen yuko chini kwenye majani anatembea. Nikadhani ni kifaranga kaanguka. Nikainama.

Hakuwa kifaranga. Alikuwa mkubwa kabisa, na mabawa yake yote mawili na kifua na mkia vilikuwa vimeshikana na mbegu, mbegu nyembamba za kahawia kama sentimita moja hivi kila moja, zimejipanga kwenye vishada vya kunata, kishada kimoja kimeunganisha bawa na ubavu, kingine kimevuta manyoya ya mkia yakajikunja upande. Anajaribu kufungua bawa, linafunguka nusu, linarudi. Anajaribu tena. Hana kelele. Wale wenzake juu wanapiga kelele, yeye kimya, anafungua, linarudi.

Nikamwita kijana. Akaja akasema ndiyo, ni bwa mapou, hutokea msimu mti ukizaa, mbegu zina gundi. Wachache zikiwashika kidogo wanaruka nazo, wanazipeleka kisiwa kingine. Zikimshika nyingi hawezi kuruka, hawezi kwenda kuvua, anakufa njaa. Nikanyoosha mkono, na siwezi kueleza kwa nini, nadhani kwa sababu usiku wa jana yake kuna mtu aliniinamia hivohivo na kibanio. Akanizuia, kwa heshima tu. Hapa hatuingilii, akasema.

Nikamuuliza swali la kimwalimu, la kujificha nyuma yake: mti unafaidika nini ndege akifa? Nilijua jibu ninalolitaka, lile tamu la vitabuni, kwamba mzoga unaoza, unakuwa mbolea, mbegu inaota juu yake. Akasema watu wengi wanadhani hivyo, lakini kuna utafiti ulifanyika hapohapo Cousin, wakaangalia mbegu zilizo kwenye mizoga na zisizo kwenye mizoga, na zile za kwenye mizoga hazikupata faida yoyote ya maana. Mti unafaidika na ndege aliye hai, yule aliyeondoka na mbegu mbili tatu. Huyu wa chini ni hasara tu. Mti haukumkusudia.

Nimefundisha miaka 14 kwamba kila kitu katika maumbile kina kazi yake. Sijui nimeliandika mara ngapi ubaoni. Pale nimechuchumaa mbu wananila shingo naangalia ndege ambaye hana kazi yoyote katika mpango wa mti, ni mzigo uliozidi tu. Tulipoondoka bado alikuwa anafungua bawa.

Sikuongea njia yote ya kurudi botini. Mama mwongozaji aliniona, hakusema kitu, akanipa chupa ya maji.

Mchana upite haraka: tulikula, nikatapika, sitaki kuongelea. Wenye nguvu zao walienda kuogelea na miwani kuangalia matumbawe na mimi nikaingia dakika kumi nimeshikilia boya kama mtoto kashika kanga ya mama yake. Maji ya kusi yana ukungu kidogo. Niliona samaki wa rangi, wale wanaoitwa kasuku wanatafuna mwamba unawasikia kabisa, karr karr, na niliona pia mifupa mingi ya matumbawe imeanguka imejaa mwani. Mwongozaji alisema 1998 bahari ilipata joto la El Niño na zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa hivi vya ndani yalikufa, yalipoanza kurudi likaja joto lingine 2016. Hili nalo, nani alikusudia.

Saa tisa hivi tukashuka Curieuse. Hapa ni boti ya meli yenyewe, unaruka ndani ya maji ya magoti, unatembea na viatu mkononi. Curieuse ina udongo mwekundu, na ina kobe. Si kobe ninaowajua mimi wa kumweka kwenye ndoo. Hawa ni kobe wa Aldabra, dume kubwa linafika kilo 250, limelala kwenye njia na wewe ndo unazunguka. Mwongozaji alituonyesha ukimkuna shingo chini hapa, taratibu, anafanya nini, na nilijaribu kwa yule mmoja mwenye gamba limechakaa kama sufuria ya zamani. Mwanzo hakuna kitu. Afu nikasikia pumzi, fyuuu, ndefu, ya moto kidogo, na mnyama mzima akaanza kunyanyuka kama jeki inapandisha gari, miguu minne inanyooka, shingo inatoka, inatoka, inaendelea kutoka, mpaka kichwa kikawa usawa wa kiuno changu, macho amefumba. Ngozi ya shingo ni laini, hilo sikulitegemea, imelegea laini kama kiwiko cha bibi. Nikawa namkuna huku machozi yananitoka kidogo, sijui ya nini, labda ya yule ndege.

Na hawa nao wamebebwa. Visiwa hivi vilikuwa na kobe wake, mabaharia wa zamani wakawamaliza kwa sababu kobe anakaa miezi ndani ya meli bila chakula wala maji hafi, ni nyama hai kwenye stoo. Wa Curieuse waliletwa kutoka Aldabra miaka ya 1970 mwishoni hadi 1980 mwanzoni, kujaribu kuwarudisha. Aldabra yenyewe ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kusini magharibi.

Tukakatiza kisiwa kwa njia ya mbao iliyopita juu ya mikoko. Mdogo wangu alikuwa kapewa ruhusa ya masaa mawili, ndo akawa mwalimu sasa: huu mkoko, huu mchu, ule mkandaa, akawa anataja kama anataja majirani. Mimi nimeichora mikoko ubaoni maisha yangu yote na mizizi yake ya kupumulia, hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuikanyaga kivuli. Niliokota kombe moja zuri sana ufukweni upande wa pili, la michirizi ya kahawia, nikalitumbukiza mfukoni la kuwapelekea wanafunzi. Ndiyo, baada ya yote hayo. Mkono ulifanya wenyewe. Tunapanda kwenda kwenye nyumba ya zamani ya daktari, maana kisiwa hiki kilikuwa makazi ya watu wenye ukoma mpaka 1965, mwongozaji anaeleza mambo mazito kabisa watu wamenyamaza, mimi nikahisi paja linafinywa. Nikaruka. Nikafinywa tena. Nikaingiza mkono nikatoa lile kombe na miguu imetoka nje inapunga hewa.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Duvi, akasema, dada umeiba nyumba ya duvi na yeye mwenyewe yumo ndani. Kama hamjui, duvi ni kaa asiye na gamba lake la nyuma, anatafuta kombe tupu anaingia, akikua anatafuta kubwa zaidi. Kwa hiyo hata kombe tupu ukilichukua, umebomoa nyumba ambayo mtu alikuwa anaisubiri. Nikalirudisha palepale nilipolitoa, karibu mita 400 kurudi nyuma, jua kali, mwongozaji amenisindikiza bila kusema neno, na kule kutosema kwake kuliniuma kuliko vile alivyohesabu mbegu.

Tukiwa tunarudi ndo akaniongelesha. Akanionyesha mnazi wao, ule wa coco de mer, unaota wenyewe Praslin na Curieuse tu duniani. Tunda lake lina mbegu kubwa kuliko zote za mimea, inafika kilo 25. Akaniuliza: mwalimu, hii inasambazwa na nini? Nikaanza kujibu maji, kwa sababu nazi za kawaida zinaelea. Akatikisa kichwa. Iliyo hai inazama. Zile zilizookotwa zamani Maldivi, mpaka watu wakadhani zinaota chini ya bahari na jina lake la kitaalamu likawa maldivica, zilikuwa maganda matupu, zimeshakufa. Hai haijawahi kufika popote. Inaanguka chini ya mama yake inaota hapohapo.

Sasa nipe mbegu ya gramu sifuri nukta sifuri ngapi sijui ya kishona nguo, imevuka bahari nzima kwa suruali iliyopigwa pasi.

Jioni kulikuwa na ukaguzi tena kwa sababu kesho yake ni kisiwa kingine. Safari hii sikungoja, nilikaa mwenyewe deki ya nyuma na taa na brashi, nikageuza mapindo, nikachokonoa mishono ya viatu na kijiti. Na kwenye pindo la kushoto, lilelile, nikaikuta. Moja. Nyembamba, ya kahawia, ina mistari mitano kwa urefu na kwenye kila mstari vijidonge vya gundi. Niliivuta ikavutika na nyuzi za kitambaa.

Mwongozaji akaja akaniangalia, akaiangalia. Nikamwambia najua. Nikamwomba dakika kumi tu kabla hajaitia kwenye kopo lake. Nikaenda kabini nikaleta lenzi ya mkono na daftari na penseli iliyochongwa, nikaiweka mbegu kwenye sahani nyeupe, nikaichora kama ninavyowadai wanafunzi wangu waichore, mistari isiyokatika, hakuna kupaka kivuli, mistari ya majina imenyooka kwa rula. Upepo unavuta karatasi, meli inacheza, mstari mmoja ulitoka ovyo nikaufuta.

Mdogo wangu alipanda kutoka chini ananuka dizeli, akasimama nyuma yangu muda.

"Dada, mchoro hauna kichwa. Enzi zetu ungenikata maksi."

Nikaandika juu kwa herufi kubwa: MBEGU YA BWA MAPOU, UKUZAJI ×5. Na chini, mahali pa kuandika ilikopatikana: pindo la suruali, mguu wa kushoto, ya 42.